Nilisoma Raia

Jina langu ni Hashiru, lakini ukifika Kwa Mathias, hapa Kibaha, ukamuulizia Hashiru, watu watakutazama tu. Muulizie Nshomile. Kwa Kihaya maana yake ni "nimesoma", na Tanzania nzima inajua kwamba Mhaya akipewa nafasi ya kusema maneno mawili, moja litakuwa hilo. Jina nilipachikwa kwa utani, na wala sikukasirika. Kusema kweli nililipenda. Nilikuwa karani wa serikali kwa miaka thelathini na moja, na nilipostaafu nilifungua kibanda cha steshenari kando ya Barabara ya Morogoro: fotokopi, picha za pasipoti, kuandika barua, kujaza fomu. Kibanda kina mashine mbili na benchi moja la wateja, na karibu mambo yote ninayoyaeleza hapa yalitokea kwenye benchi hilo.

Mashauri nilimfahamu kabla sijanunua mashine ya pili. Ni Msukuma wa Maswa, mfugaji, mrefu, mwenye sauti ya chini. Wakati ule ng'ombe wake walikuwa upande wa Ruvu, na kila asubuhi aliniletea maziwa kwa baiskeli. "Mwangaluka, Nshomile," hunisalimu kwa lugha ya kwao, nami humjibu kwamba arudishe kwanza maji ya mto aliyotia kwenye maziwa. Tulielewana. Sote ni watu wa Kanda ya Ziwa, na Pwani mtu wa Ziwa akimwona mwenzake hujisikia nyumbani kidogo, hata kama kule kwenyewe wasingesalimiana.

Kisha ukaja ukame, ng'ombe wakapukutika, na waliobaki ilibidi watoke Ruvu. Mashauri akahamia Masaki, kule Kisarawe, na ng'ombe sita, mkewe na watoto wawili, akapata mahali pa kulima mihogo. Siku moja mkutano wa kijiji ulitaka kuhesabu watu. Ikasemwa wenyeji wakae huku, wageni wakae kule. Mashauri alikuwa na miaka kumi na miwili Pwani, na watoto wake wote wawili walizaliwa hapa hapa. Aliniambia kwamba alisimama katikati, asijue aende wapi, mpaka mtu mmoja akamwonyesha kwa kidole.

Jambo hilo lilimuuma kuliko ng'ombe waliokufa. Kila tukikutana alilirudia, nami nilimwambia aachane na maneno ya watu. Ni rahisi kumwambia mtu hivyo kama wewe mwenyewe hujaonyeshwa kidole. Hatimaye akaniambia amepata wakala wa kumpeleka Arabuni kufanya kazi, na kwamba ng'ombe ameuza, isipokuwa ndama mmoja.

Alikuja kibandani siku ya Jumanne, mwaka juzi mwezi wa tatu, na faili la plastiki mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Maziwa yangu yako wapi?"

Hakucheka. Alikaa kwenye benchi, akatoa karatasi moja kwa uangalifu. "Viza imetoka. Wakala anasema kazi ni bustani, kumwagilia maua nyumbani kwa tajiri. Lakini mimi nimedanganywa sana, Nshomile. Nataka wewe unisomee hapa penye kazi, pameandikwa nini."

Sehemu nyingine zilikuwa na Kiingereza: jina, namba ya pasipoti, tarehe. Penye kazi palikuwa na Kiarabu kitupu, maneno mawili.

"Kama ni mifugo, siendi," alisema. "Nakuapia. Nimetazama mkia wa ng'ombe tangu nina miaka sita. Kama hapo wameandika kuchunga, naichana mbele yako, wakala abaki na alichokwisha kula."

Mimi Kiarabu sikijui. Naliandika hapa waziwazi kwa sababu siku ile sikulisema. Kule kwetu Bukoba nilisoma chuoni mpaka nikahitimu Msahafu. Herufi nazitambua, na zikitiwa irabu nazitamka vizuri hata msikitini wananisifu. Lakini kutamka ni kitu kimoja na kuelewa ni kingine, na maneno ya kwenye viza hayatiwi irabu. Ningeweza kusema: hili sijui, nenda kwa Ustadhi Yassin pale msikitini, amesoma Sudani miaka sita, ni mwendo wa dakika tano. Kwenye benchi kulikuwa na wateja wengine watatu na wote walikuwa wananitazama. Nikavaa miwani.

Neno la kwanza lilikuwa na raa, alifu, ain na yaa. Nikalitamka moyoni: raa-i. Raai. Nikajiambia hakuna neno la namna hiyo. Kwa kuwa Kiswahili tumekopa mengi kwa Waarabu, nikaanza kutafuta lile tulilokopa. Nikaichukua ile alifu ya katikati nikaipeleka mwisho, kama mtu anavyosogeza kiti kumpisha mgeni.

"Raia," nikasema kwa sauti.

"Raia?"

"Raia. Na hili la pili ni ghanamu, yaani ghanima. Ghanima ni neema. Raia wa neema." Nilipoona bado ananitazama nikaongeza: "Wenzetu wana utaratibu wao. Mtu wakimhitaji wanampa uraia."

Hilo la utaratibu sikulisoma popote, lilinitoka tu. Mashauri aliweka kidole chini ya neno la kwanza. Kidole chake kilikuwa kinene kuliko neno lenyewe.

"Hili hapa? Hili ndilo raia?"

"Hilo."

Alibaki ameinama juu ya ile karatasi kwa muda. Alipoinua uso macho yake yalikuwa yamelowa, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu. "Wabeja, mzee," akasema, ndiyo ahsante ya kwao, na wale wateja watatu wakampa mkono wa pongezi. Nami nilijisikia mkubwa siku hiyo. Nilimtolea fotokopi bila malipo, nakala moja yake na moja nikaiweka kwenye faili langu kwa kumbukumbu.

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Mashauri aliuliza.

Kabla hajaondoka walichinja mbuzi kule Masaki, nami nikaalikwa. Nilikalishwa kwenye kiti chenye mto, nikapewa maini. Mashauri alisimama mbele ya majirani, pamoja na yule aliyemwonyesha kidole, akasema anakwenda mahali atakapoitwa raia, na Mzee Nshomile ndiye shahidi aliyelisoma neno. Watu walinigeukia. Nilitikisa kichwa kwa upole, kama hakimu.

Holo, mkewe, alinifuata wakati wa kuaga. Ni mwanamke mfupi, mwenye vidole vyeusi kwa kazi ya mkaa, asiyejua kusoma hata jina lake, na simu yake ni ya kitochi. Tukakubaliana kwamba Mashauri atakuwa anatuma ujumbe wa sauti kwenye simu yangu, naye Holo atakuwa anakuja Kwa Mathias kila Jumanne kusikiliza. Kutoka Masaki alipanda bodaboda mpaka Mlandizi, halafu gari. Hakukosa Jumanne hata moja, labda mvua ikate barabara.

Ujumbe wa kwanza ulikuja baada ya wiki tatu.

"Nshomile, mwangaluka. Mwambie Holo nimefika salama. Huku si mjini. Tumeendesha gari kutwa, nyumba zikaisha, lami ikaisha, mti sijaona hata mmoja. Nimeachwa kwenye hema na kondoo mia nne na ngamia wachache. Pasipoti tajiri amechukua, anasema anaitunza. Naona ni kwa muda tu, huku nangoja kazi yenyewe. Wewe unaonaje?"

Niseme ukweli, nilijua. Sikujua ni nini hasa, lakini nilijua kwamba nimekosea mahali. Holo alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani, akinitazama usoni badala ya kuitazama simu.

"Amesema kondoo?" akauliza.

"Ni kwa muda."

"Lakini alikataa mifugo."

"Mama Loyce," nikamwambia, kwa kuwa binti yao wa kwanza anaitwa Loyce, "uraia wa watu haupewi hivi hivi. Hata hapa kwetu kijana akitaka kuaminiwa anapelekwa jeshini, JKT, kwanza. Analima, anachunga, anakimbizwa mchakamchaka alfajiri. Akitoka huko ndiyo anaitwa mtu." Nikabonyeza kitufe nikamtumia Mashauri maneno hayo hayo, na mwisho nikasema: "Vumilia."

Alinishukuru. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alinishukuru. Ujumbe uliofuata ulisema sasa moyo wake umetulia, kwamba kila akiamka hujiambia yuko kambini. Alituma kila aliposhika mtandao, ambao aliupata kwa kupanda kichuguu kimoja cha mchanga. Chaji ya simu aliipata kwenye lori la maji, lililokuja kila baada ya wiki mbili na dereva wake Msudani. Tulimsikiliza mimi na Holo, kichwa kwa kichwa, simu katikati.

Alituambia joto la huko linachoma hata ukiwa kivulini, kisha akatuambia kivuli chenyewe ni kile cha ngamia. Alituambia kondoo wa tajiri wamechorwa namba tu, hawana majina, kwa hiyo amewapa majina ya ng'ombe wake waliokufa Ruvu. Majina yalipoisha akaanza kuwaita kwa majina ya majirani wa Masaki. Holo alicheka siku hiyo. Mwezi mwingine alisema yule dereva Msudani anamhurumia na amemwambia siku yoyote akitaka atamficha nyuma ya lori mpaka mjini, kwenye ubalozi wa Tanzania. "Nimemwambia ahsante," alisema Mashauri. "Hajui kwamba mimi niko kwenye mafunzo."

Mwaka ulipofika aliniuliza: "Nshomile, hiyo JKT ya huku ni miaka mingapi?"

Holo alikuwa hayupo siku hiyo. Nilikuwa peke yangu, mashine zimezimwa kwa kukatika umeme, na hakuna mtu ambaye angeniona nikisema sijui. Nilikaa na ile simu karibu robo saa. "Miwili," nikamjibu. Ndiyo miaka ya JKT yetu, sikuwa na nyingine ya kumpa.

Akaanza kuhesabu miezi.

Ilipobaki minne ikaja habari ya mguu. Chuma cha hema kilimchoma unyayoni, kikaingia ndani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala chali. "Umevimba mpaka kiatu hakiingii. Tajiri alikuja, akatazama, akaniachia vidonge vya maumivu. Msipige kelele huko, nitapona. Imebaki miezi minne."

Holo aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

"Tafuta mtu anayejua Kiarabu," akasema. "Ampigie huyo tajiri, amwambie kwa lugha yake kwamba huyu mtu ana mke na watoto na apelekwe hospitali. Wewe si unakijua?"

Mdomo wangu ulifunguka kabisa kusema ndiyo. Nilimwona alivyoegemea mbele, na kwa mara ya kwanza nikaogopa. "Twende kwa Ustadhi Yassin," nikasema. "Matamshi yake ni mazuri zaidi."

Hatukwenda, tulimwita naye akaja. Ustadhi Yassin ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye adabu nyingi. Alimsikiliza Holo mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akasema, "Kabla sijapiga, ningependa kuona karatasi yake ya kazi. Nijue wamemwandika nani, nisije nikaomba kisichomhusu."

Nilitoa ile nakala kwenye faili. Nilitamani panya wawe wameila. Yassin aliitupia jicho tu, hakuhitaji miwani wala kidole.

"Raa'i ghanam," akasema. "Mchungaji."

Uso wa Holo ulichanua. Anasali kanisa la AIC, na kwake neno hilo lina maana moja ya kwanza. "Mchungaji? Wamemwandika mchungaji wa kanisa?"

"Hapana, mama. Mchungaji wa mifugo. Ghanam ni kondoo na mbuzi."

"Na raia?"

"Raia gani, mama?"

"Hapo pameandikwa raia. Mzee alisoma."

Yassin alinitazama, akaelewa, akashusha macho. Kisha akafanya jambo la kiungwana ambalo nilitamani asingelifanya. "Mzee hakuwa mbali sana," akasema taratibu. "Mzizi wa maneno hayo ni mmoja. Raa'i ni mwenye kuchunga. Raia ndio wanaochungwa." Alitaka kunisitiri. Nilitaka ardhi ya Kibaha ipasuke inimeze na mashine zangu zote mbili.

Holo hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Alikuja hapa akakuuliza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alikwambia kama ni kuchunga haendi."

"Alisema."

"Ukamwambia raia." Akaivuta ile nakala karibu yake. "Na ile JKT?"

"Nilitunga."

Akakaa kwenye benchi. Alivua kanga ya kichwani, akaikunja, akaifunga tena. Mteja mmoja alikuja kutaka fotokopi ya kitambulisho, nikamwambia mashine mbovu. Nilimwomba Holo msamaha. Akaniambia, "Ngoja kwanza mzee, tumtoe," kama vile msamaha ni kitu cha kuwekwa kando mpaka kazi iishe.

Yassin alimpigia tajiri kwa namba iliyokuwa kwenye ile karatasi. Mara ya kwanza alipokea, akasema mkataba ni miaka miwili, kidonda ni kidogo, na akauliza namba yake wameipata wapi. Mara ya pili hakupokea. Mimi nilikwenda kwa wakala, chumba alichopanga kilikuwa kimegeuka saluni ya kike, na mwenye saluni aliniambia kila wiki anakuja mtu kumuulizia. Mimi na Holo tukaenda mjini Dar, kwenye ofisi inayohusika, tukapokewa vizuri na dada mmoja aliyeandika kila kitu na hata kumpa Holo maji ya kunywa. Alitueleza kwamba mtu akishafika ubalozini, mambo yote yanawezekana: hati ya kusafiria, matibabu, tiketi. Lakini afike.

"Afike na mguu gani?" Holo akamuuliza.

Yule dada akamwongezea maji, na sikumlaumu. Njia ilikuwa ni moja tu, lile lori la maji. Dereva alikuwa tayari siku zote. Aliyekataa alikuwa Mashauri, na alikataa kwa sababu yangu.

Siku iliyofuata nilifunga kibanda mapema, nikamrekodia ujumbe. Nilianza mara tano nikafuta. Mara ya sita nilisema: "Mashauri, mimi ni Hashiru. Nilikudanganya. Kiarabu sikijui. Hapo palipoandikwa kazi hapakuandikwa raia, pameandikwa mchunga kondoo, tangu siku ya kwanza. JKT nilitunga. Hakuna uraia unaokungoja, si baada ya miezi minne wala miaka minne. Lori likija, panda. Usiniulize tena kitu chochote, panda tu." Nikatuma. Ikatokea tiki moja ya kijivu, maana yake ujumbe umeondoka kwangu lakini haujafika kwake. Nikajiambia hajapanda kichuguu bado.

Jumanne Holo alikuja. Tiki ilikuwa bado moja. Nilimweleza maana yake, kwamba ikiwa moja hajapata, zikiwa mbili imemfikia. Alikuwa ndiyo kwanza anairudisha simu yangu mezani, ikalia. Namba ilikuwa ngeni, ya Arabuni. Ujumbe wa sauti.

"Nshomile, mwangaluka. Simu yangu imekufa, haishiki chaji tena, imekwisha wiki nzima sasa. Hii ni ya dereva, atawatumia akifika kwenye mtandao. Leo ameniambia panda. Amenibembeleza, kanishika mpaka mkono. Anataka anipeleke hospitali, halafu kwa watu wa ubalozi wetu. Nimemkatalia. Nimemwambia mimi hapa nimeandikwa raia, na raia hatoroki. Amenitazama tu, Kiarabu changu hakielewi. Nimevumilia mwaka na miezi minane, nije niharibu kwa ajili ya mguu? Mguu wenyewe unanuka kidogo, lakini siku hizi hauumi, naona unapona. Holo, yule ndama usimuuze. Nikirudi, siku ya mkutano nitakaa upande ninaotaka mwenyewe."

Nilidhani Holo atalia. Aliuliza tu, "Amesema hauumi?"

"Amesema unapona."

"Sisi ni wafugaji, mzee," akasema. "Mguu unaonuka na hauumi haujapona."

Nikamkimbilia Yassin, mzee mimi, nikikatiza kati ya mabasi na wauza matunda, viatu mkononi. Akamrekodia dereva kwa Kiarabu: rudi, mwambie ukweli, mbebe hata kwa nguvu. Kwa dereva tiki zilikuwa mbili palepale. Akasikiliza. Akajibu. Yassin alisikiliza jibu hilo mara mbili kabla ya kututafsiria, na nilijua anatafuta namna ya kulisema.

"Anasema ile ilikuwa safari yake ya mwisho," Yassin akasema. "Mkataba wake umekwisha, yuko njiani kurudi kwa watoto wake. Dereva mpya yeye hamjui, na namba yake hana. Anasema angejua maana ya lile neno alilokuwa analisema, angembeba mgongoni. Ametuma ramani ya mahali penyewe. Anasema tumwombee."

Ramani tuliipeleka kwa yule dada mjini. Aliipokea, akaituma ubalozini mbele yetu, akaniandikia namba ya kufuatilia. Nimefuatilia. Kila nikipiga naambiwa linashughulikiwa, na naamini linashughulikiwa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa karani na najua karatasi inavyotembea. Inatembea, lakini taratibu.

Hii ni wiki ya tisa sasa. Kibanda nakifungua kama kawaida. Watu bado wananiita Nshomile, na kila nikisikia natamani kuwaambia waache, ila nitaanzia wapi kuwaeleza? Mtu akija na karatasi ya Kiarabu namwambia sijui, nenda msikitini. Neno lenyewe ni jepesi. Dakika tano za mwendo. Nalisema sasa kila siku bila shida yoyote, na halimsaidii Mashauri kitu.

Holo bado anakuja kila Jumanne. Ananiamkia, "Shikamoo, mzee," namwitikia, na sijui kama nastahili. Jumanne hii alikuja na mvua, amelowa mpaka magotini, nikamwekea kiti karibu na mashine apate joto. Nikachukua simu nimtazamie. Akanyoosha mkono.

"Nipe," akasema.

Siku hizi hataki nimsomee. Alifuta vidole kwenye kanga, akaifungua simu mwenyewe, akaitafuta picha ya mumewe kati ya picha za watu wote, akashuka mpaka mwisho kabisa, kwenye ujumbe wangu. Aliweka kidole chini ya ile tiki, kama mumewe alivyoweka chini ya lile neno, akaitazama kwa muda mrefu ili asije akakosea.

"Moja," akasema, akanirudishia simu.